Sura ya Saba: Karatasi za Fusae

Saa kumi na mbili jioni ya Alhamisi hiyo, Orihara Mio angekabidhiwa kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kumuua mwalimu wake, na aliyemkamata alikuwa Mkaguzi Hatano Kiyoe mwenyewe. Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi. Mvua za mwezi wa sita zilikuwa zimeushika mji wa Minegawa siku ya tisa mfululizo, na kila kitu kituoni, kuanzia mafaili mpaka mkate wa Koplo Mabuchi, kilikuwa na unyevu.

Hatano hakuwa na raha. Kesi ilikuwa imekaa vizuri mno, na miaka ishirini na sita ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kutoziamini kesi zilizokaa vizuri. Mzee Kuwabara Tokuji, mchapaji wa picha kwa mbao za kuchongwa, umri miaka sabini na minane, alikutwa Jumatatu asubuhi karakanani kwake, amelala kifudifudi, fuvu limepasuka nyuma ya sikio. Daktari alisema aliuawa Jumamosi, kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku. Kando yake palikuwa na ubao mtupu wa mcheri. Ukingo wake ulikuwa umefutwa kwa maji, ila damu ilikuwa imeshapenya kwenye nyuzi za mti. Alama za vidole vya Mio zilikuwa kwenye ukingo wa pili, ambao haukufutwa. Jirani alisikia mzee na mwanafunzi wake wakifokeana jioni ile: Vallorne, mji dada wa Minegawa kule Ufaransa, ulikuwa umemwalika binti akafundishe uchapaji miaka miwili, na mzee hakutaka kusikia. Nusu saa baadaye binti akapanda treni kwenda Osaka.

Faili kama hilo hata karani angelifunga. Na ofisi ya meya ilitaka lifungwe upesi, maana wageni wa Vallorne walikuwa wanafika Jumapili kusherehekea miaka hamsini ya udugu, na kila baada ya miaka kumi Minegawa huwapa picha mpya za kuchapwa kwa mkono, zikatundikwe kwenye madarasa yao. Safari hii mchapaji alikuwa amelala kwenye jokofu la hospitali.

"Afande, mwache mtoto wa watu apumzike," Mabuchi alisema, akitafuna mkate wake. Alibakiza miezi minne astaafu na hakuwa tena na haraka ya kumwogopa mtu. "Umemuuliza mara sita. Ya saba itakuwa na asali?"

"Ya saba sitauliza mimi. Nitamwacha aulize yeye."

Mio aliletwa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, lakini siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemzeesha. Hatano alimsogezea chai ya shayiri, akafunga daftari.

"Leo sina swali," alisema. "Kama kuna kitu unataka kujua, niulize."

Binti alimtazama kwa mashaka. Akanywa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu katika chumba kile aliyelitegemea.

"Karatasi zangu mmezitupa?"

"Karatasi gani?"

"Jumamosi saa kumi nilizilowesha karatasi mia na ishirini. Mwalimu alikuwa achape Jumapili alfajiri. Karatasi lazima zilowe usiku kucha ndipo zipokee rangi. Nilizibana kati ya mbao mbili, pale kushoto kwa mlango. Kwa mvua hii siku mbili tu zinaota ukungu. Tangu Jumanne nakaa mle ndani nawaza, hakuna aliyezitoa. Zimeshakuwa nyeusi."

Hatano alifungua faili, akatoa picha za Jumatatu. Kushoto kwa mlango kulikuwa na mbao mbili. Katikati yake hapakuwa na kitu. Alimgeuzia binti.

Mio aliinama, akaikazia macho. "Hazipo."

"Angeweza kuzitoa mwenyewe, Mwalimu wako?"

"Azitoe azipeleke wapi? Karatasi mbichi huiachi mpaka uichape. Sisi wachapaji wa siku hizi tukiahirisha kazi tunaziweka kwenye friza, ukungu usizipate. Ile friza nilinunua mimi kwa kazi hiyo. Mwalimu hakuigusa hata siku moja. Alikuwa ananisema, 'Karatasi si samaki.'"

Kalamu ya Mabuchi ilisimama. Hatano naye alikuwa ameshaanza kupekua orodha ya vitu vya karakanani, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kipengele cha arobaini na tatu, kwa mwandiko wa Mabuchi mwenyewe: *Friza: kifurushi kimoja ndani ya gazeti, yaelekea samaki.*

"Yaelekea samaki," Hatano alisoma kwa sauti.

"Afande, kilikuwa kimeganda," Mabuchi alijitetea. "Na kilikuwa kwenye gazeti. Mke wangu samaki anamfunga hivyohivyo."

Hatano alitoa picha ya ubao wenye damu. "Na huu? Ubao huu mtupu mlikuwa mnauweka wapi?"

"Hatuna ubao mtupu," Mio alisema papo hapo. "Kuchonga ni kazi ya mchongaji, kuchapa ni kazi yetu. Kwetu mbao zinakuja zimeshachongwa." Akaivuta picha karibu, akaweka kidole kwenye pembe. "Unaona hivi vikato viwili vidogo? Hapa ndipo karatasi inapokaa, rangi zote ziangukie mahali pake. Ubao mpya hauna vikato. Huu ulikuwa na picha. Huu..." Akasogeza kidole katikati. "Huu ndio ubao mkuu wa Vallorne, wenye mistari ya picha nzima. Ule wa daraja. Nilipoondoka ulikuwa mzima. Nani kaupiga randa?"

"Nani aliuchonga?"

"Mzee Nishiwaki. Nishiwaki Sadao. Yeye na Mwalimu wamefanya kazi pamoja miaka hamsini na tano." Binti alifikiri. "Jumamosi mchana Mwalimu alichapa karatasi moja ya majaribio. Akaitazama muda mrefu, halafu akaichoma kwenye jiko. Akasema, 'Asiione mtu.' Nilidhani rangi yangu ndiyo mbaya. Kwa kweli kuanzia hapo ndipo akawa mkali, tukaja kugombana."

"Swali la mwisho. Karatasi zenyewe zilitoka wapi?"

"Ni za marehemu Mama Fusae, mke wa Mzee Nishiwaki. Alizitengeneza mwezi wa kwanza, wa pili akafariki. Ndizo za mwisho. Karatasi kama zile hakuna tena."

*

Karakana ilikuwa na giza na joto la kuchemka. Mabuchi alibonyeza swichi ya taa, wapi, haikuwaka. Akabonyeza tena.

"Umeme mlikata?" aliuliza, kisha akakumbuka, akajikuna kichwa.

Walikata wao. Jumatatu saa sita mchana paa lilikuwa linavuja karibu na nyaya kuukuu, na Hatano alikuwa ameamuru swichi kuu izimwe kabla ya kufunga nyumba. Ulikuwa ni utaratibu. Alikuwa ametoa amri hiyo bila hata kugeuza shingo, kama mtu anayeomba chumvi.

Friza ilikuwa nyuma ya pazia. Walipoifungua, harufu iliwapiga usoni, ya chumba kilichofungiwa nguo mbichi mwezi mzima. Chini kabisa, ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka, kulikuwa na kifurushi kizito cha mraba. Hatano alivaa glavu, akakitoa, akakiweka juu ya meza. Kilikuwa kimefungwa kwa kurasa za gazeti, mbili mbili, pembe zimekunjwa kwa unadhifu wa mtu anayefunga zawadi.

"Tarehe?" Hatano aliuliza.

Mabuchi aliinama, akavaa miwani. "Jumapili. Gazeti la Jumapili asubuhi, afande."

Jumapili asubuhi Mio alikuwa Osaka, sebuleni kwa dada yake, na mashahidi wanne walikuwa wamemwona. Jumapili asubuhi Mzee Kuwabara alikuwa maiti kwa saa kumi na mbili nzima. Basi kuna mtu aliingia humu, akaikuta maiti sakafuni, na hakumwita daktari wala polisi. Aliziokoa karatasi, akaenda zake.

"Mwizi hafanyi hivyo," Mabuchi alisema polepole. "Mwizi angeziba pua akimbie."

"Mtu asiyeijua kazi hii asingejua hata kwamba ziko hatarini. Fungua lile gunia la takataka."

Gunia lilikuwa limejaa maranda ya mcheri, membamba, yamejikunja. Mabuchi alinyoosha moja kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja ulikuwa mweupe na upande mwingine una mistari ya wino mweusi, vipande vya daraja lisilosomeka tena. Hatano alilishika na kulitazama. Mistari ilikuwa inatetemeka. Si randa iliyoitetemesha. Ilichongwa hivyo, ikipanda na kushuka kama mwandiko wa mtu aliyeandika ndani ya gari.

Alikiweka kipande hicho cha maranda kwenye bahasha. 

*

Nishiwaki Sadao alikuwa akiishi peke yake juu ya kilima, nyumba ya mwisho kabla ya msitu wa mierezi. Aliwafungulia mwenyewe, mzee mwembamba mwenye nyusi nyingi, akamkazia macho Hatano mpaka akamtambua.

"Wewe si binti wa Hatano, yule muuza tofu za soya wa pale stesheni?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Baba yako alikuwa mtu. Tofu zilizovunjika alikuwa anatupa sisi wachongaji bure. Alikuwa anasema wachongaji hawana meno wala hela. Ingieni, mtalowa."

Alimimina chai. Birika lilikuwa linagongagonga vikombe, tii-tii-tii, na nusu ya chai iliishia mezani. Mabuchi alijifanya anaangalia dirishani. Ukutani, ndani ya kabati dogo la kuwakumbukia marehemu, kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye mashavu mapana, bakuli la wali na ubani uliokuwa bado unafuka.

"Nakupa pole kwa Mzee Kuwabara," Hatano alisema.

"Pole ya nini? Hakuwa ndugu yangu."

"Miaka hamsini na tano."

"Ng'ombe wawili wa jembe moja nao hukaa miaka mingi. Hakuna anayewapa pole."

"Mara ya mwisho kufika kwake ilikuwa lini?"

"Mwezi wa nne, niliposhusha mbao. Mchongaji akimaliza kuchonga kazi yake imekwisha. Nikafuate nini?"

"Hukutaka kuona chapa ya kwanza?"

"Nimeona chapa za kwanza elfu. Nimechoka."

Kando ya mlango magazeti yalikuwa yamefungwa kwa kamba, tayari kwa gari la takataka, yamepangwa kwa tarehe kama wanavyofanya wazee wote wa Minegawa. Hatano aliinama kana kwamba anaweka kiatu chake sawa. Jumatano. Jumanne. Jumatatu. Jumamosi.

"La Jumapili limekwenda wapi, Mzee?"

"Eh?"

"Gazeti. Una yote, la Jumapili huna."

"Nilifungia viazi. Nikampa jirani."

"Jirani yupi? Hii si ndiyo nyumba ya mwisho?"

Mzee alinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akanywa taratibu. "Wewe, binti, umekuja kunihesabia magazeti? Mji huu umeishiwa wezi?"

"Sijaja kwa magazeti," Hatano alisema. Akamwashiria Mabuchi.

Mabuchi aliweka sinia la vielelezo mezani, akafunua plastiki. Hatano alifunua ukurasa wa kwanza wa gazeti, wa pili. Aliinua pembe ya karatasi ya juu. Ukungu ulikuwa umetapakaa, madoa meusi kama punje za ufuta, na palipokuwa peusi zaidi karatasi ilikuwa imelainika, inaachia nyuzi. Harufu ilijaa chumba chote, ikaumeza ubani.

Mzee alisimama. Kikombe kilianguka, kikabiringika mpaka mlangoni.

"Nani kazima umeme?" alipiga kelele. "Nani? Niliziweka chini kabisa, penye baridi! Nilizibana vizuri! Nani mjinga huyo aliyezima umeme?"

Kisha akasikia alichokisema. Mabuchi hakuandika. Nje, maji ya mvua yalikuwa yanatiririka kutoka paani.

"Kaa, Mzee," Hatano alisema.

Alikaa. Alinyoosha mkono juu ya karatasi bila kuzigusa.

"Nilikwenda Jumamosi, saa moja usiku," alisema. "Nilitaka kuona chapa ya kwanza. Nilikudanganya, sijawahi kuzichoka. Nikamkuta anafagia. Nikaona maranda yana wino. Ubao uko mezani, mweupe, hauna kitu. Miezi minne, binti. Miezi minne ya macho haya, na nilijua siwezi kuchonga mwingine. Nikamuuliza, Tokuji, hii ni nini? Akasema, 'Sadao, kaa kwanza.' Kaa kwanza! Amenifuta halafu ananiambia nikae. Akageuka kutafuta mto wa kunikalisha. Nikaunyanyua ule ubao." Alitazama mikono yake. "Safari hiyo haikutetemeka."

"Ukaufuta."

"Nikaufuta. Ni mazoea. Ubao haulazwi mchafu."

"Na Jumapili?"

"Sikulala. Nisikudanganye tena: si yeye niliyekuwa namwona. Nilikuwa naziona hizi. Nilizipita pale mlangoni, zimelowa. Fusae alizitengeneza mwezi wa kwanza, mikono ndani ya maji ya barafu, tayari anakohoa damu. Nilimwambia aache. Akasema hizi zinavuka bahari, hizi haziachwi. Nikasema moyoni, Tokuji amekwisha kufa, sina la kumfanyia. Hizi zisife."

"Ukamruka."

"Nikamruka," mzee alisema. "Mara mbili. Kuingia na kutoka."

"Kwa nini hukuzileta hapa?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa upumbavu. "Si zangu. Ni za Vallorne."

Hatano alivuta pumzi. Kuna hasira alikuwa nayo, na sasa ikatoka. "Na Mio? Ulisikia tumemkamata?"

"Redioni."

"Karatasi ulizihurumia. Mtoto wa watu je?"

"Nilisema hana kosa, watamwachia."

"Akina nani watamwachia, Mzee? Waliomkamata ni sisi."

Nishiwaki aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini Tokuji alinifuta. Angeniambia. Miaka hamsini na tano, angeniambia kwamba ni mbaya."

Hatano alitoa bahasha, akaweka kile kipande cha maranda mezani, upande wa wino juu. Mzee aliinama karibu kabisa, pua ikikaribia kugusa. Alikitazama kwa muda, na Hatano akaona uso wake ukibadilika: kwa mara ya kwanza alikuwa anaiona mistari yake kama wengine wangeiona.

"Alichapa moja ya majaribio mchana," Hatano alisema. "Akaichoma mwenyewe, hata mwanafunzi wake hakumwonyesha. Alisema, 'Asiione mtu.' Kisha akaupiga ubao randa. Hakuna mtu Minegawa wala Vallorne ambaye angejua mkono wako umefika hapa."

"Angeniambia," mzee alirudia.

"Alikwambia ukae kwanza."

Mabuchi alimsaidia kuvaa koti la mvua. Kabla ya kutoka, Nishiwaki aliomba dakika moja, akazima ubani mbele ya picha ya mkewe kwa kupepea kiganja, akafunga milango ya kabati. 

*

Saa kumi na moja jioni karatasi za kumwachia Mio zilitiwa sahihi. Ofisi ya meya ilikuwa imepiga simu mara nne. Hatano alikuwa amepokea mara moja tu, akamwambia mtu wa meya kwamba wageni wawapeleke wakaone maua.

Alimweleza Mio yote aliyoyakiri Mzee Nishiwaki, wamesimama, bila kupamba. Binti alisikiliza. Hakulia alipotajiwa Mwalimu. Alilia alipotajiwa Mzee Nishiwaki, kilio kifupi cha hasira, kisha akajifuta kwa mkono wa shati.

"Mkoba wako huu hapa," Hatano alisema. "Simu. Mkanda. Hesabu kila kitu, kisha utie sahihi."

"Karatasi ziko wapi?"

"Ni kielelezo. Siwezi kukupa."

"Sitaki kuzichukua. Nataka kuzitenganisha. Zikiendelea kushikana zitaoza zote."

Sheria haikuruhusu. Hatano alimpa glavu.

Katika chumba cha vielelezo Mio alizibandua moja moja, kwa kucha na pumzi, akizitandaza juu ya meza, viti, makabati ya mafaili, sakafu. Za juu zilikuwa zimeharibika. Za chini nazo. Kadiri alivyokaribia katikati madoa yalipungua. Alipomaliza alikuwa na karatasi kumi na nne safi, nyeupe kama wali. Aliinua moja kwenye mwanga, na nyuzi ndefu za mti zikaonekana ndani yake, zimelala upande mmoja.

"Kumi na nne zinafaa," alisema.

"Kwa kuchapa?"

"Ndiyo."

"Lakini ubao haupo," Mabuchi alisema kutoka mlangoni, kwa upole. "Na wa kuuchonga..."

"Najua, mzee wangu. Najua kilichopo na kisichopo." Aliishusha karatasi, akainyoosha pembe. Kisha akamgeukia Hatano. "Friza ile nilinunua mpya. Haijawahi kuharibika. Nani aliizimia umeme?"

Mzee wa kilimani alikuwa ameuliza hivyohivyo, na Hatano hakumjibu. Alikuwa na jibu tayari, la utaratibu, la paa linalovuja na nyaya kuukuu.

"Mimi," alisema.

Mio alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.  Akachukua karatasi ya kumi na tano, iliyokuwa na doa moja tu pembeni, akaitazama kwa makini, kisha akaiweka upande wa zilizooza.